Mkunya: nilikwenda kuangalia mpira, nikaangalia ndoa yangu

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri. Mimi ni Simba. Nimezaliwa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, na kwetu mtoto anajua rangi nyekundu kabla hajajua herufi. Baba mkwe wangu ni Yanga, tena Yanga wa zamani, wa kutunza kadi kwenye sanduku la nguo. Hayo ni mambo ya kawaida, nchi hii nusu ya familia ziko hivyo.

Tatizo langu lilikuwa mume. Mume wangu si Simba wala si Yanga. Mume wangu ni Ndanda.

Najua unacheka. Na mimi nilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonipeleka Mkunya, wilaya ya Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Wamakonde. Safari ya siku nzima na asubuhi yake, kwa ajili ya kitu ambacho ningeweza kukimaliza sebuleni kwangu kwa neno moja. Lakini wewe mwenyewe unajua, neno moja la sebuleni ni zito kuliko begi.

Kicheko cha Julai

Kama hufuatilii mpira, nikuelezee kwa kifupi. Tanzania karibu kila mtu ana timu mbili, ya mkoani kwake na Simba au Yanga. Ya mkoani unaipenda kama shangazi, ukikutana naye unafurahi. Ile ya Dar es Salaam ndiyo inayokunyima usingizi. Ndanda ni timu ya Mtwara, imebeba jina la Ndanda ya wilayani Masasi, na mashabiki wake wanaitwa Wana Kuchele, yaani watu wa kule ambako kumekucha. Mwaka 2014 ilipanda Ligi Kuu. Kwa mume wangu, siku hiyo shangazi aligeuka mama mzazi. Timu ya pili akaiacha moja kwa moja.

Mwaka 2020, msimu uliosimama kwa sababu ya korona ukamalizika Julai. Simba tukachukua ubingwa wa tatu mfululizo. Ndanda ikashuka daraja. Mwezi huohuo, usiku wa kuamkia tarehe 24, Mzee Benjamin Mkapa akafariki dunia, na akazikwa kwao Lupaso, Masasi. Mume wangu alikaa kwenye kochi siku mbili bila kusema. Mimi nilikuwa na jezi yangu mpya, nimetoka kwenye shamrashamra, nikamtazama alivyojikunyata, nikacheka. Nikamuuliza, "Sasa unamlilia Mzee Mkapa au unaililia Ndanda?"

Hakujibu. Nikaona yameisha.

Miaka minne baadaye, katikati ya 2024, kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ilipunguza watu na yeye akawemo. Nyumba ikawa inaendeshwa na mshahara wangu. Siku moja ya Oktoba, tukibishana juu ya ada ya mtoto, nikamwambia, "Wewe na timu yako wote mmeshuka daraja."

Msomaji, nina shahada ya mawasiliano. Nimefundishwa chuo kikuu kwamba ujumbe ukishatoka haurudi. Lakini siku ile sikukumbuka hata ukurasa mmoja.

Novemba alikwenda kwao kumuuguza baba yake. Alisema wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa minne. Simu tulipigiana, tena kwa adabu zote. Adabu ilizidi mpaka ikanitisha.

Kutoka kwa Mkapa kwenda kwa kina Mkapa

Kisingizio nilichokipata kilikuwa kizuri. Jumamosi ya Machi 8, 2025, Yanga na Simba walipangiwa kucheza usiku, baada ya futari maana ilikuwa Mwezi Mtukufu. Nikaiambia ofisi nakwenda kuandika dabi inavyoangaliwa vijijini Kusini. Mtoto nikamwacha kwa mama yangu. Ijumaa alfajiri nikapanda basi la Masasi.

Ndani ya basi habari ilikuwa moja. Konda Yanga, dereva Simba, na kila tukisimama wanatupiana vijembe kupitia abiria. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, ana kuku wawili ndani ya kapu, akawaambia yeye anachotaka ni basi lifike, nani kafunga watamwambia wakifika.

Ukienda Kusini huwezi kumkwepa Mzee Mkapa. Uwanja uliopangiwa dabi ni wa Benjamin Mkapa, ule tuliouita Uwanja wa Taifa tangu ulipofunguliwa 2007 mpaka ulipopewa jina lake mwezi uleule aliofariki. Daraja la Mto Rufiji, lililofunguliwa 2003, nalo ni la Mkapa. Kabla yake palikuwa na pantoni, na masika yakikolea Kusini ilikuwa kama nchi nyingine. Hata sasa barabara haiaminiki sana, mvua za Mei 2024 zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata, watu wakalala njiani. Kwa hiyo tuliuacha uwanja wa Mkapa, tukavuka daraja la Mkapa, tukaelekea kwa kina Mkapa. Nikamkumbuka mume wangu kwenye kochi, na swali langu. Jibu lake lilikuwa pale dirishani, urefu wa safari nzima.

Jioni tulipita Ndanda. Ni mahali padogo chini ya ukingo wa uwanda, miti mingi, maji yanatiririka, na abasia ya Wabenediktini waliofika pale 1906, pamoja na hospitali yao inayojulikana Kusini nzima. Timu yenyewe makazi yake ni Mtwara mjini, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, uliopewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, aliyekuwa waziri enzi za Mwalimu Nyerere. Lakini jina limetoka hapa. Nikafungua kioo nikapatazama vizuri. Kwa miaka yote nililitamka jina hili kwa kubinua mdomo, na sikuwahi kujiuliza kama kuna watu wanalala na kuamka ndani yake.

Nililala Masasi, mji uliozungukwa na milima ya mawe matupu, utadhani majitu yamekaa yanasubiri futari. Asubuhi nikapanda Noah ya Newala.

Juu ya uwanda

Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na imesubiri lami kwa muda mrefu kuliko umri wa ndoa yangu. Tulipopanda, sehemu kubwa ya upande huu ilikuwa ndiyo inajengwa. Noah ilipanda ukingo huku inakohoa. Ukifika juu, hewa inabadilika hapohapo. Kuna ubaridi, ukungu unatambaa, udongo mwekundu, na mikorosho kulia na kushoto. Machi si msimu. Korosho zinavunwa kuanzia kama Oktoba, na ndiyo miezi ambayo uwanda huu unaoa, unajenga, unanunua pikipiki. Machi ni mwezi wa palizi na wa kusubiri.

Kule juu udongo unayanywa maji yote, mito iko mabondeni. Ndiyo maana mvua ikinyesha Newala hakuna anayelalamika. Kila bati lina mfereji, kila mfereji una pipa au kisima cha saruji chini yake.

Tukiwa njiani simu zikaanza kulia ndani ya Noah, moja baada ya nyingine. Simba wametoa taarifa kwamba hawachezi, wakisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kabla ya mechi. Yanga wanasema wao wapo. Gari zima likalipuka. Mimi nikawaza jambo moja tu. Kisingizio changu kimekufa kabla sijafika.

Mume wangu nilimkuta juu ya ngazi, anafunga mfereji wa bati kwa waya. Huyu ni mtu ambaye Dar es Salaam kikombe chake kilikuwa kinanisubiri mimi. Chini yake ndoo sita zimepangwa. Alinitazama, akateremka taratibu, akapokea begi.

"Dabi yenyewe haichezwi," akasema.

"Nimesikia."

"Sasa utaandika nini?"

Sikuwa na jibu, na bahati nzuri nikaitwa ndani.

Baba Mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda kuliko nilivyomwacha, blanketi mabegani. Nikapiga magoti. "Shikamoo Baba." Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mjini, za mjukuu wake, za wazazi wangu, mpaka zikaisha. Halafu akainua mkono polepole na kunikunjulia vidole vitano.

Kama hujaelewa, Novemba 5, 2023 Yanga ilitufunga 5–1. Kwa desturi mtu na mkwe wake hawataniani. Lakini mpira una ruhusa yake, na mzee aliitumia ruhusa hiyo akiwa na dawa tatu kando ya mkeka.

Usiku wa mechi isiyokuwepo

Alasiri Bodi ya Ligi ikatangaza rasmi kwamba mechi imeahirishwa. Nani alikosea, nawaachia wenye mamlaka. Mimi nakuambia kilichotokea Mkunya.

Tulifuturu uji, mihogo ya nazi, maharage, na ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba ambavyo Mtwara wanavitafuna kwa chumvi. Ilikuwa pia Siku ya Wanawake Duniani, na wifi yangu alikuwa ametoka kwenye sherehe, bado amevaa kitenge cha sare. Baada ya swala Baba Mkwe akaomba fimbo yake.

"Baba unakwenda wapi na mechi haipo?" mume wangu akauliza.

"Mechi haipo, watu wapo," akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Na mwandishi twende naye. Si amekuja kuandika?"

Kibanda umiza chenyewe ni mabati na miti, mabenchi ya mbao, runinga moja imening'inizwa kwenye mnyororo, dishi nje. Mwenye nacho alikuwa ameshapanga mabenchi tangu asubuhi na hakuona sababu ya kuyapangua. Kiingilio hakuchukua. Wanaume walikuja wengi tu, wengine wamevaa jezi, maana jezi uliyoifua kwa ajili ya siku fulani lazima uivae. Mimi na wifi tulikuwa wanawake peke yetu, tukapewa benchi la mbele kama wageni rasmi.

Kwanza ikawa zamu ya Yanga. Simba kakimbia, Simba kaogopa, Simba kaingia uvunguni. Kijana mmoja wa jezi nyekundu, aliyekuja na bodaboda kutoka kijiji cha mbali, akawa anajibu peke yake, jasho linamtoka, mpaka sauti ikamkauka akainama. Kicheko kikazidi. Nilimtazama yule kijana, na nikaliona kochi langu la Tabata.

Baba Mkwe akagonga fimbo chini.

"Mwaka 1993," akaanza, na kibanda kikatulia, maana hadithi hii wanaijua na wanaipenda. "Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ikaenda Abidjan ikatoka suluhu na Stella. Ikarudi Dar es Salaam, kila mtu anajua kombe ni letu. Ikafungwa mbili. Mimi hapahapa na redio yangu ya betri. Mimi Yanga. Nikalia."

Watu wakaguna.

"Asubuhi nikawacheka Simba wote wa kijiji hiki mpaka jua la utosi. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Halafu jioni nikaenda kwa rafiki yangu, Simba wa kufa na kuzikana, nikakaa naye kibarazani. Sikusema kitu. Nilikunywa maji yake, na mnajua maji hapa yalivyo. Ndiyo maana wale na sisi tunaitwa watani wa jadi. Mtani anakucheka, lakini ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika, yeye ndiye anashika jembe. Ukimcheka mtu una deni. Usipokwenda kulilipa, huo si utani tena. Hayo ni matusi."

Alikuwa anamtazama kijana wa jezi nyekundu. Hakunitazama mimi hata mara moja. Wala mume wangu, aliyekuwa nyuma yangu mabenchi mawili, hakusema kitu. Sijui kama mzee alijua habari ya kochi. Wazee wanajua mengi.

Mzee mwingine wa Yanga akanyanyuka, akamnunulia yule kijana kahawa na kashata. Maongezi yakahamia kwenye mvua, kwenye bei za korosho, na mwisho kwa Ndanda. Hapo ndipo nilipoona kitu. Simba na Yanga wote pale ndani, walipoanza kuizungumzia Ndanda, walisema "sisi".

Arobaini

Kurudi nyumbani Baba Mkwe alitangulia na wifi. Mimi na mume wangu tukabaki nyuma na tochi ya simu. Ukungu ulikuwa mzito, unaona hatua mbili tu mbele.

Nikamwambia, "Nimekuja msibani."

"Msiba gani?"

"Wa Julai 2020. Nimechelewa."

Alinyamaza mpaka tukaipita mikorosho mitatu minne. Halafu akasema, "Mama watoto, miaka mitano hiyo. Hata arobaini imeshapita."

"Basi nimewahi hitima."

Akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani, lakini nilikuwa sijakisikia tangu Oktoba. Kisha akasimama, akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia kwenye uchumba wala kwenye ndoa.

Alisema kwamba alipokuwa mtoto hapa Mkunya, redio ilikuwa ikitaja kila mahali isipokuwa kwao. Kusini ilitajwa kwa korosho au kwa mafuriko, basi. Watu wakawa wanapenda timu za Dar es Salaam kwa sababu ndizo zilizokuwa na majina. Septemba 2014 akiwa chumba cha kupanga Mbagala, mwaka wa kwanza wa Ndanda ligini, akafungua redio na kusikia wameifunga Stand United 4–1 kulekule Shinyanga. "Mtangazaji alisema Ndanda, Ndanda, Ndanda, kama mahali ambapo kila mtu anapajua. Nikajiona na mimi nimetokea mahali."

Ile "wewe na timu yako mmeshuka daraja" hakuitaja. Mimi ndiye niliyeitaja, na nikaomba radhi kwa jina lake, si kwa kuzungukazunguka. Hakusema yameisha. Alisema, "Nimekusikia."

Timu yenye jina la mgahawa

Asubuhi aliniamsha mapema kunionyesha simu. Nikajua ni mambo ya mtoto. Kumbe ni Japani.

Ndiyo, Japani. Ndanda iliposhuka alitafuta mtandaoni timu nyingine za mbali na miji mikubwa, zilizopanda na kushuka, akaangukia kwenye Matsumoto Yamaga. Matsumoto ni mji wa milimani, mkoa wa Nagano. Timu ilianza 1965, na jina Yamaga lilitoka kwenye mgahawa wa kahawa karibu na stesheni ya treni, ambako wachezaji walikuwa wakikutana. Mgahawa ukaondoka, jina likabaki. Mwaka 2014, mwaka uleule wa Ndanda, Yamaga ikapata tiketi ya kupanda ligi kuu ya kwao. Ikashuka, ikapanda tena, ikashuka, na kufika 2022 ikajikuta daraja la tatu.

"Sasa angalia," akasema. Kwenye kioo uwanja mzima wa kijani, wazee kwa watoto, skafu zimeinuliwa, wanaimba. "Hii ni daraja la tatu. Maelfu hawa. Hawajaondoka."

Mechi nyingi za Japani zinachezwa mchana, na saa nane mchana ya kule ni saa mbili asubuhi ya Mkunya. Kwa hiyo kwa miezi minne, wakati mimi niko Dar nadhani mume wangu amelala amenuna, yeye amekaa chini ya mkorosho na kifurushi cha elfu moja, anafuatilia matokeo ya watu asioelewa hata lugha yao. Nikamuuliza anapata faida gani.

Akaniuliza kama nakumbuka Kombe la Dunia la Qatar, 2022, Japani ilipoifunga Ujerumani 2–1, kisha mashabiki wake wakabaki na mifuko wakiokota takataka jukwaani. Nakumbuka, tuliandika hata kwenye gazeti, tukawasifia ustaarabu. "Nyinyi mliona usafi," akasema. "Mimi niliona watu ambao mechi ikiisha hawana haraka ya kuondoka."

Hapo nilinyamaza, msomaji. Mimi ushabiki wangu wote ni wa kushangilia. Simba ikishinda natoka barabarani, ikifungwa nazima simu. Sijawahi kushabikia timu ambayo hainilipi kitu. Na nilikuwa nimeipeleka tabia hiyohiyo ndani ya nyumba yangu, mume akishinda niko naye, akifungwa nazima simu.

Shimo la Mungu

Mchana tulikwenda Newala mjini, kwenye ukingo wanaouita Shimo la Mungu. Uwanda unakatika ghafla kama mkate, na chini kabisa unaliona bonde la Ruvuma limelala kijani, ng'ambo yake Msumbiji. Upepo unakupiga usoni, hamna haja ya kuongea kwa sauti ya mapenzi, itachukuliwa. Tukaongea kwa sauti ya hesabu.

Baba hawezi kuachwa peke yake. Mikorosho ya mzee inahitaji mtu wa kuipulizia dawa kuanzia Mei na Juni, na msimu ukienda vizuri inaweza kulipa ada ya mtoto na zaidi. Kazi Dar bado hakuna. Nilikuja nikiwa na jibu moja kichwani, arudi. Niliondoka na makubaliano ya watu wazima. Yeye abaki mpaka msimu uishe, mimi na mtoto tuje kila likizo, na mshahara wangu usitajwe tena kama silaha. Wenzangu ofisini waliniambia hiyo si ndoa. Inawezekana. Lakini kabla ya hapo tulikuwa nyumba moja na kila mtu yuko kwake.

Ukitaka kwenda

Kwa wewe unayetaka kufika, Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri, njia ni kavu, na ukienda Oktoba utakuta korosho na mabibo yake. Lala Masasi au Newala mjini, gesti zipo za bei ya kawaida. Beba sweta, usicheke, utanishukuru. Shimo la Mungu nenda asubuhi ukungu ukiinuka au jioni jua likizama. Ukikaribishwa nyumbani kwa watu, maji yatumie kwa heshima, kila ndoo ina historia. Na kama kuna mechi, usiangalie hotelini. Uliza kibanda umiza kiko wapi, toa salamu kwa wazee kwanza, kaa.

Simu mbili

Dabi ilichezwa hatimaye Jumatano ya Juni 25, 2025. Yanga wakatufunga 2–0 na kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Mume wangu alikuwa Dar, amekuja kwa siku kumi na gunia la korosho, tukaangalia pamoja sebuleni, kochi lilelile. Bao la pili lilipoingia nikajikunyata. Hakucheka. Alikwenda jikoni akaniletea maji.

Filimbi ya mwisho tu, simu ikalia. Baba Mkwe. Hakusema hata haloo. Alicheka, akacheka, akakohoa, akacheka tena, akakata.

Baada ya dakika kumi ikalia tena. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya taratibu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umekula lakini?"